Kiwanja ni Chako au ni cha Kampuni Yako?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuhamisha kiwanja kutoka jina la mtu kwenda jina la kampuni. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, viwanja vimepanda thamani, na wengi wetu tuliofika shuleni na sanduku la bati leo tuna maghala, mashine na nyumba za wageni. Biashara tumeziandikisha kuwa kampuni, lakini ardhi iliyo chini yake bado iko katika jina la mtu mmoja. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Tuanze na msingi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Umilikaji wa ardhi usio na kikomo uliondolewa mwaka 1963. Kwa hiyo anachohamisha mtu si udongo. Anahamisha haki ya kuutumia kwa miaka iliyobaki katika hati, ambayo haizidi 99, pamoja na majengo na masharti yake yote.

Msingi wa pili ni kwamba kampuni ni mtu mwingine. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri la Salomon, mtengenezaji wa viatu aliyeiuzia kampuni yake mwenyewe biashara yake. Hisa karibu zote zilikuwa zake, lakini mahakama ikasema kampuni ni mwingine na Salomon ni mwingine. Sheria yetu ya makampuni inafuata msimamo huohuo.

Sasa tuchukue mfano. Mtu ana kiwanja mjini. Anaungana na rafiki zake wawili, wanafungua kampuni ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Wenzake wanatoa fedha za mashine, yeye anatoa kiwanja kwa mdomo. Miaka inapita, anafariki. Warithi wanasoma hati, wanaona jina la baba yao. Wenzake wanaonyesha mashine na vitabu vya kampuni. Kila upande unaapa kuwa una haki, na wakati kesi inaendelea mashine imefungwa na vijana waliokuwa wakifanya kazi wamerudi nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Dawa ni hati ya uhamisho, tena ifuate hatua zake zote. Kwanza, wakurugenzi wapitishe azimio la kupokea kiwanja, na iandikwe kampuni inalipa nini: fedha au hisa. Pili, kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Kama kiwanja kimewekwa rehani, benki ihusishwe mapema. Tatu, hati iandikwe kwa fomu iliyowekwa na sheria, isainiwe na mtoaji na wakuu wa kampuni mbele ya shahidi anayetambuliwa. Nne, Kamishna wa Ardhi ajulishwe, na panapotakiwa kibali kipatikane. Tano, kodi zilipwe. Msidhani kwamba fedha isipopita mkononi hakuna kodi, kwani mthamini hupima thamani ya kiwanja. Mwisho, hati ipelekwe kwa Msajili wa Hati.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaiacha. Wakishapigiwa mhuri na wakili, wanaweka karatasi kabatini na kudhani mambo yamekwisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka uhamisho uandikishwe, na usipoandikishwa, kampuni haijapata haki ile katika daftari la Serikali.

Wenye mashamba vijijini, Itilima, Meatu na kwingineko, wakumbuke kwamba ardhi ya kijiji ina sheria yake, namba 5 ya mwaka huohuo. Huko mnaanza na Halmashauri ya Kijiji, na kuandikiana mjini tu hakutoshi.

Lakini, ndugu zangu, sikuja kuwashawishi mhamishe kila kitu. Ukishaandikisha, umetoa kweli. Huwezi tena kukigawa kiwanja hicho katika wosia, maana utakachowaachia watoto ni hisa tu. Kampuni ikidaiwa, kiwanja kitauzwa pamoja na mashine. Wazee wetu wa pamba wanalijua jambo hili. Walijenga vinu vya kuchambulia pamba kupitia ushirika, na vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, vinu havikurudi kwa mkulima mmoja mmoja, ingawa jasho lilikuwa lake. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, mali ilikuwa bado ni ya vyombo, siyo ya watu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kiwanja cha biashara mlichokubaliana na wenzenu kuwa ni cha kampuni, kihamisheni kwa hati na kukiandikisha. Nyumba mnayolala na shamba la ukoo, viacheni nje. Na kama kampuni inahitaji eneo lakini moyo haujakubali kulitoa, ipangisheni kwa mkataba wa maandishi wenye miaka na kodi inayojulikana. Kampuni itapata mahali pa kufanyia kazi, nanyi mtabaki na haki yenu.

Jambo baya ni kukaa katikati, kusema ni cha kampuni mbele ya wenzako na ni changu mbele ya watoto. Mkirudi nyumbani, fungueni sanduku, toeni hati, someni jina lililoandikwa. Kama siyo jina mnalolitaka, anzeni kulishughulikia mkiwa hai, na wenzenu wakiwapo.