Tumbusi na Ndege ya Milia

Atokaye Bariadi kuelekea mashariki hukaribia Serengeti, nchi ambamo mto Simiyu huanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga hizo kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Walihesabu wanyama na kufuata njia zao, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikusudia kubadili mipaka ya hifadhi.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani bila baba yake. Tumbusi akaigonga ndege, ikaanguka, na kijana akafa akiwa na miaka 24. Anga la Serengeti ni pana mno. Kwa nini wawili hao wakutane hapo, saa ile? Ayubu naye alipotewa na watoto wake kwa upepo uliotoka jangwani.

Baba alimzika mwanawe ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akaikamilisha kazi yao. Filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. (Wamasai waliokaa Serengeti nao walihamishwa mwaka uleule wa msiba, na hilo husahauliwa upesi.) Alipofariki Ujerumani mwaka 1987, majivu yake yaliletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya Michael, miaka 28 baada ya tumbusi yule.