Kamba ya mita 14

Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa washirika, Goma



Tunaanza na kosa letu. Mama mmoja wa chama chetu alipata AVC, ule ugonjwa wengine wanaita kiharusi, tulipokuwa bado kambini. Mguu na mkono wa kuume vikalegea. Akafanya mazoezi miezi mingi. Siku moja tukampima kwenye koridoo ya simenti: mita 10 kwa sekunde 20. Tukapiga makofi, tukaandika kwenye fishi neno moja: «anatembea».

Mwanzo wa 2025 kambi zikavunjwa, akarudi kwake upande wa Kibumba. Wiki haikuisha, akaanguka kwenye mawe ya volkano akienda choo. Mkono ule mzima ukavunjika.

Ile namba 20 ilikuwa imetuambia, sisi hatukuisoma. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa mita 10, mara nyingi ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba tu. Kati ya 25 na 12 na nusu, anafika kwa jirani, lakini soko la Virunga bado. Chini ya hapo, anaweza kujaribu mji. Mipaka hiyo ilitolewa na watafiti wa Marekani mwaka 1995. Wao hawakuwaza mawe ya Nyiragongo.

Kwa hiyo sasa tunapima mara mbili.

Kwanza, mahali sawa. Chukueni kamba ya mita 14, fungeni fundo kwenye mita 2 na kwenye mita 12. Mgonjwa anaanza mwanzo wa kamba, anaenda mwendo wake wa kila siku, na fimbo yake kama anayo. Simu inahesabu kutoka fundo hadi fundo. Zile mita 2 za mwanzo na za mwisho hazihesabiwi, ni za kuchukua mwendo na kusimama. Rudieni mara tatu, gawanyeni kwa tatu. Mmoja atembee nyuma kidogo, upande ule dhaifu, lakini asimvute mkono: bega la mgonjwa wa AVC linaharibika upesi.

Pili, njia yake mwenyewe: mlangoni hadi choo. Hapo hatuhesabu sekunde. Tunaangalia vidole vya mguu vinakwaruza wapi, anashika nini akigeuka, anasimama mara ngapi. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, tunaacha. Na mtu akilegea upande mmoja kwa ghafula, au mdomo ukipinda, hakuna kupima: ni hospitali saa ileile.

Kwa yule mama, vijana walifanya salongo. Waliondoa mawe, wakajaza udongo, wakafunga mti wa kushikilia kando ya njia. Leo anaenda choo bila kuita mtoto. Kamba inasema sekunde 18, kumbe mguu haukubadilika sana. Kilichobadilika ni njia.

Wafadhili wetu, mkituuliza tumegawa fimbo ngapi, tutajibu. Tunaomba mtuulize pia: wangapi wanafika chooni peke yao?

Na ninyi washirika, kamba ziko kwa sekretari. Mwenye mgonjwa nyumbani asiondoke bila yake.