Sombe ya Noeli: chungu kimoja kwa waliofika mwaka huu



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya chakula cha Noeli. Watoto wetu walio Marekani wanatuambia kule mboga za sikukuu zinawekwa jibini juu, zinaingia katika tanuri mpaka juu kuwe rangi ya kahawia. Vizuri. Lakini jibini ya Kivu inatoka Masisi, kule kwa ng'ombe, na toka Masisi mpaka Baraka ni safari ndefu. Bei nayo inapanda njiani. Sisi tuko na sombe. Na karanga inafanya kazi ya jibini: inaipa mboga mafuta na uzito.

Chuma majani machanga ya juu. Twanga mpaka yalainike kabisa. Chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, saa nzima ao zaidi. Ndipo utie kitunguu, bilinganya, pilipili, mawese, mwisho ndagala. Tandaza karanga iliyotwangwa juu, funika, bakisha makala machache chini, mengine weka juu ya kifuniko, dakika 20 hivi. Hiyo ndiyo tanuri yetu. Hata kule Lugufu na Nyarugusu wali wa sikukuu tuliupalia hivyo hivyo.

Sasa sikieni vizuri. Kazi ya kinu na moto msiifupishe. Muhogo una sumu, mizizi na majani, zaidi ule mchungu. Kutwanga kunaifungua sumu, moto unaipeleka na mvuke. Ndiyo sababu tunasema sufuria ikae wazi.

Nani anafupisha? Ni mwenye njaa, na mwenye njaa ni aliyefika juzi. Sisi tuliovuka ziwa toka Kigoma tangu 2005 tunajua: chakula cha msaada kinaisha mbele ya shamba kuzaa. Muhogo unaomba karibu mwaka mzima mpaka kung'oa, lakini majani yanatoka kisha miezi michache tu. Basi mgeni anachuma kila siku, anaacha mti uchi, na mzizi chini unabaki mdogo. Leo anakula sombe, kumbe anakula bugali ya mwaka kesho.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mwenye shamba la zamani alete fungu moja la majani. Pesa ya wafadhili inunue mawese, karanga, chumvi na ndagala. Tupike pamoja, na kila nyumba iliyorudi mwaka huu ipate sahani yake mbele ya jioni ya tarehe 24. Mashamba yao yapumzike hata kama ni wiki moja.

Na ninyi wafadhili, mtusamehe jambo moja: picha ya mtu akipokea sahani hatutatuma. Tulipigwa picha mingi tukiwa kwenye foleni, tunajua uchungu wake. Tutawatumia hesabu: pesa iliyoingia, vitu vilivyonunuliwa, nyumba ngapi zimekula. Mtu asiitwe mbele za watu, sahani ipelekwe mlangoni kama ya jirani kwa jirani.

Tarehe 24, asubuhi mapema, mwenye kinu alete kinu, mwenye mchi alete mchi. Asiye na kitu alete mikono. Kutwanga kunataka watu wengi.