Rangi ya Nje Ianzie Kwenye Gata

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za majengo za sharika, Bariadi)



Tumeombwa tuzungumzie upakaji wa rangi ya nje katika majengo yetu. Wengine wataona ni jambo dogo mbele ya visima na zahanati. Lakini katika maombi yanayofika mezani kwetu, rangi huombwa mara nyingi, na fedha yake hupotea upesi. Jengo linapakwa Novemba ili liwekwe wakfu Desemba. Picha zinapigwa, taarifa inatumwa kwa wafadhili, na Pasaka ikifika rangi ya chini imekwisha kubabuka. Mwaka unaofuata usharika unaomba rangi tena. Mfadhili anauliza kulikoni, na ana haki ya kuuliza.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba rangi ilikuwa feki. Rangi feki ipo, hatukatai, na ndiyo maana tunasisitiza mnunue ndoo yenye alama ya TBS na mdai risiti. Hata hivyo rangi nzuri nayo hubabuka ikipakwa juu ya ukuta unaokunywa maji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ndoo, kamati izunguke jengo na kuangalia maji yanapita wapi.

Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati bila gata. Mvua za hapa zikianza, maji yote ya paa huanguka kwenye mstari mmoja hatua moja kutoka ukutani, yanachimba mfereji, na kila tone linarusha udongo ukutani hadi usawa wa goti. Yanayobaki yananywewa na msingi. Matofali ya kuchoma hunyonya maji kama sifongo. Kama fundi hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, maji yatapanda ndani ya ukuta yakibeba chumvi ya ardhini, na yakifika nyuma ya rangi yatatafuta pa kutokea. Ule unga mweupe mnaouona ukutani ndiyo hiyo chumvi. Ukipaka juu yake, unapaka juu ya kitu kinachoendelea kusukuma.

Hapa tuseme neno juu ya ule mkanda wa chini wa rangi ya kahawia au kijivu. Mkanda wenyewe ni wazo zuri, maana unaficha matope. Shida ni kwamba mafundi wengi huupaka kwa rangi ya mafuta, kwa hoja kwamba inaoshika. Rangi ya mafuta hufunga ukuta, na inaufunga mahali pale pale unyevu unapotaka kutoka. Ndipo malengelenge huanzia. Mkanda upakwe kwa rangi ya maji ya nje, iliyokolezwa rangi mnayotaka. Rangi ya mafuta ibaki kwenye milango, madirisha na vyuma.

Lipu mpya nayo isiharakishwe. Saruji mbichi ina ukali unaoshambulia rangi ya mafuta na kuigeuza kitu kama sabuni, na hili si fumbo: mafuta na magadi ndivyo vinavyotengeneza sabuni. Subirini siku 28 kwa uchache, na zaidi kama mvua inanyesha. Kama mna mashaka, bandikeni kipande cha nailoni ukutani jioni, mkizibe pembeni kwa gundi ya karatasi. Asubuhi mkikuta matone upande wa ndani, ukuta bado haujakauka. Kipimo hiki hakina gharama, na mzee wa kanisa yeyote anaweza kukifanya bila kumngoja fundi.

Nyufa ni habari nyingine. Walio kwenye udongo mweusi wa mbuga wanajua jinsi ardhi inavyovimba masika na kupasuka kiangazi. Jengo lililo juu yake husogea nayo. Ufa unaofunguka na kufunga kila mwaka hauponi kwa rangi. Ombeni ushauri wa msingi kwanza.

Sasa makanisa ya mitaa yaliyojengwa kwa matofali mabichi. Hawa ndio tunaowaonea huruma zaidi, kwa sababu hutamani kufanana na usharika mama, na mfadhili akija wanaomba rangi ya ndoo. Tunawashauri chokaa. Ukuta wa udongo unahitaji kupumua, na chokaa inauruhusu. Loanisheni ukuta kwa maji kidogo, pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, mkiacha kila mkono ukauke. Chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo mkono mmoja mzito hupasuka na kupukutika. Itabidi kurudia kila mwaka mmoja au miwili, na kazi hiyo vijana na akina mama wa mtaa wanaweza kuifanya wenyewe kama mchango wa nguvu kazi. Angalizo: chokaa huunguza macho. Anayepaka avae miwani, na watoto wakae mbali na pipa.

Kuhusu wakati, miezi yetu ni Juni hadi Agosti. Ni kiangazi, na pamba ikiwa imeuzwa michango hupatikana. Ubaya wa miezi hiyo ni vumbi na upepo. Osheni ukuta siku moja kabla, na anzeni asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia. Fundi afuate kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, mchana ukuta wa mashariki. Ukuta wa kaskazini unahitaji uangalifu katika miezi hiyo, maana jua limeelekea huko. Rangi ikipakwa kwenye ukuta unaounguza mkono, hukauka juu kabla haijashika chini.

Rangi zenyewe, chagueni zilizopoa. Nyeupe, krimu na njano ya udongo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na nyumba ya mchungaji iliyo chini ya bati inahitaji msaada huo. Rangi za udongo, kama kahawia na nyekundu ya kutu, hustahimili jua. Nyekundu kali na buluu ya kung'aa hupauka mapema. Tembeeni madukani hapa Bariadi mjini mkaangalie kuta zilizopakwa matangazo miaka iliyopita, mtaona wenyewe.

Mchanganuo wa gharama uwe na hesabu. Nyumba ya mita 12 kwa 8, yenye ukuta wa mita 3, ina mzunguko wa mita 40, yaani mita za mraba 120. Toeni milango na madirisha, inabaki kama 100. Kwenye lipu ya kawaida lita moja hupaka karibu mita za mraba 8 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 25, kwa hiyo ndoo mbili za lita 20 zinatosha na kubaki, mbali na rangi ya kutangulia. Tukiletewa ombi la ndoo sita kwa nyumba kama hiyo, mtatusamehe tukiuliza. Ndoo zitunzwe na mweka hazina, zitoke moja moja, na mjumbe mmoja awepo rangi inapochanganywa, maana maji ya ziada hayaonekani siku ya kupaka.

Mnaokwangua rangi ya zamani, kwanguweni ikiwa imelowa, msitumie moto. Mwaka 2009 shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa IPEN, lilipima rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa nchini na kukuta nyingine zina madini ya risasi kwa wingi. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Chekechea zetu nyingi ziko kwenye majengo ya zamani. Watoto wahamishwe mpaka kazi iishe na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Wafadhili wetu, tunawaomba jambo moja. Gata na mtaro havipendezi kwenye picha, nasi tunalijua hilo. Mkituletea fedha za rangi peke yake, turuhusuni tuanzie huko.

Kuanzia maombi yajayo, ofisi haitapitisha fedha za rangi kwa jengo lisilo na gata na mtaro, au ambalo gata na mtaro havimo katika ombi hilo hilo. Fomu mpya zina nafasi ya tarehe ya kupiga lipu na mwezi wa kupaka. Mzichukue kwa katibu wa semina kabla ya kuondoka, na zirudi na sahihi ya mwenyekiti wa kamati pamoja na ya mchungaji.