Silabi za Jina la Dawa: Kutoka Artemether-lumefantrine hadi Alu



Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mpya ya malaria badala ya SP. Pakiti zake ziliandikwa artemether-lumefantrine. Mwingereza hulitamka jina hilo kwa silabi nane. Msemaji wa Kiswahili, ambaye silabi zake aghalabu huishia kwa irabu na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hulitamka a-te-me-tha, lu-me-fan-tri-ni: silabi tisa, mkazo ukiangukia me na tri.

Hiyo fan nimeikata kwa kusitasita. Wapo wanaoipeleka nazali mbele, wakapata fa-ntri. Neno nta lina silabi mbili, kwa kuwa nazali ndiyo inayobeba mkazo. Lakini katika senti mkazo uko kwenye se, hivyo nazali haisimami peke yake. Je, inafunga silabi iliyotangulia au inafungua inayofuata? Lumefantrini haitusaidii, maana mkazo wake uko mbele zaidi kwa vyovyote vile.

Wagonjwa hawakusubiri tuafikiane. Kifupisho ALu kilisomeka kama neno, a-lu, nalo jina dawa mseto likaenea: m-se-to, m ikiwa silabi kamili. Mseto ni neno la jikoni, na kwa maoni yangu linaeleza kuliko jina refu, kwani linamwambia mgonjwa kwamba dawa mbili zimechanganywa.

Ugumu unajitokeza Tunduma, mkoani Songwe. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ni Zambia, iliyoipitisha dawa hiyohiyo mwaka 2002, na huko jina la kibiashara, Coartem, limezoeleka. Likipita katika kinywa cha Kibantu huelekea kuwa ko-a-te-mu. Mfanyabiashara mwenye vidonge vya koatemu mkobani, akipewa alu zahanati, anaweza kudhani ni dawa mbili tofauti na kuzimeza zote, ilhali dozi ni mara sita tu kwa siku tatu.

Koatemu na atemetha zina silabi a-te kwa pamoja, na sikio huzitambua. Katika alu imebaki a peke yake. Kwa hiyo ningependa mtoa dawa wa mpakani, baada ya kusema alu, amtamkie mgonjwa jina refu silabi kwa silabi, kwa matamshi ya Kiswahili, kisha amuulize kama ana dawa nyingine yenye sauti hizo.