Mtu Ndani ya Mzuka
(Hotuba iliyotolewa Bujora siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Mlinitaka niseme juu ya kazi yangu serikalini. Hiyo ingewapa usingizi, na pilau bado haijaiva. Naomba niseme juu ya katuni.

Huko Marekani wazazi walikuwa wamelalamika kwamba katuni za watoto zimejaa mapigano. Joe Ruby na Ken Spears, waandishi wa kampuni ya Hanna-Barbera, wakatunga habari za vijana wanne na mbwa wao wanaochunguza mizuka. Wakubwa wa televisheni ya CBS walipoonyeshwa michoro, walikataa: inatisha mno. Basi mbwa akaletwa mbele, akafanywa mwoga kuliko wote, ili watoto wapate kucheka. Tarehe 13 Septemba 1969 Scooby-Doo akaonekana kwa mara ya kwanza. Karibu kila mara mwishoni kinyago huvuliwa, na ndani yumo mtu anayetaka mali.

Kwetu, Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 kwa Kiswahili. Humo watoto hufumbua mafumbo kwa hesabu na sayansi. Wanangu wanazijua nyimbo zake zote.

Mimi sikuwa na katuni. Nilikuwa na bibi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Macho yake yalikuwa mekundu, na Wasukuma wenzangu mnajua wazee wangapi wa kike wameuawa kwa sababu hiyo. Nikiwa kidato cha pili nilirudi likizo nikakuta watu wananong'ona. Nikaacha kula chakula chake. Mwanafunzi wa baiolojia! Kuni zilikuwa adimu. Alipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Nilikaa katika moshi ule ule, machozi yakinitoka, nisiunganishe mambo. Wala sikuuliza maneno yale yalianzia kwa nani. Yalianzia kwa mtu aliyelitaka jaruba lake la mpunga.

Baba alimhamishia Mwanza usiku wa manane. Jaruba likachukuliwa. Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani, aliniuliza kwa nini likizo ile nilikataa ugali wake.

Nilimwambia nilikuwa naumwa tumbo.