Dirisha Lililoelekea Yerusalemu (Jumapili ya 14 ya Mwaka C)

 

Injili ya leo, katika sura ya 10 ya Luka, yatusimulia jinsi Bwana alivyowatuma wafuasi wake, wawili wawili, katika miji ambako yeye mwenyewe alikusudia kwenda. Hawakuruhusiwa kubeba mfuko wala mkoba. Waliagizwa kuingia katika nyumba za watu, kuzitakia amani, na kula chochote watakachoandaliwa. Baadaye walirudi kwa furaha wakamweleza Bwana mambo yaliyowapata. Kutumwa, kupokelewa na kurudi: hiyo ndiyo safari ya mfuasi.

Kwa mwanga wa Injili hiyo, leo twapenda kutafakari safari ya baadhi ya vijana wetu: mwanafunzi wa chuo kikuu anayekwenda kusoma muhula mmoja katika nchi ya mbali, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kisha hurudi kumalizia masomo yake nyumbani. Huko Ulaya mpango mkubwa wa namna hii huitwa Erasmus. Ulianza mwaka 1987, na katika mwaka wake wa kwanza uliwahusu wanafunzi wapatao 3,200 wa nchi 11. Tangu mwaka 2015 mlango wake umefunguliwa zaidi kwa vyuo vikuu vya nje ya Ulaya, vya Afrika vikiwemo.

Jina hilo latukumbusha Desiderius Erasmus wa Rotterdam, padre aliyepewa daraja mwaka 1492. Alisoma Paris, akapata udaktari wa teolojia Turin mwaka 1506, akafundisha Cambridge, na akafariki Basel mwaka 1536. Alipofika Uingereza mwaka 1509, alikaa nyumbani kwa rafiki yake Thomas More, na humo akaandika kitabu kilichomletea sifa kubwa. Mwenyeji huyo ndiye Mtakatifu Thomas More, shahidi, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1935. Tuzingatie jambo hili: msomi yule msafiri alimpata mtu wa kumfungulia mlango.

Maandiko Matakatifu nayo yana mwanafunzi wa ugenini. Danieli na wenzake watatu walichukuliwa hadi Babeli wakiwa vijana, wakafundishwa lugha na maandishi ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Wao hawakuchagua kwenda, walikuwa mateka. Lakini tazameni walivyoishi. Lugha ya wageni waliijifunza. Elimu ya wageni waliipokea, wakawapita wote. Hata majina mapya waliyopewa waliyavumilia. Chakula cha mfalme tu ndicho walichokikataa, wakaomba wajaribiwe kwa siku 10 kwa mboga na maji.

Hapa msikilizaji makini atauliza: je, si Bwana amewaambia wafuasi wale wanachoandaliwa? Mbona Danieli alikataa? Ndugu zangu, hakuna ugomvi kati ya Maandiko hayo mawili. Wafuasi walikula meza ya maskini aliyewakaribisha kwa amani. Danieli alikataa meza ambayo kwake ilikuwa unajisi, meza ya kumsahaulisha yeye ni wa nani. Kijana anayekwenda ughaibuni yampasa ajifunze kupambanua meza hizo mbili. Asiikatae supu ya jirani kwa sababu haifanani na ugali wa mama yake. Lakini asiuze imani yake, mwili wake na dhamiri yake ili apate kukubalika. Hata uzeeni Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku mbele ya dirisha lililoelekea Yerusalemu. Milango yake ilikuwa Babeli; dirisha lake liliitazama nyumba ya Mungu.

Lakini, ndugu zangu, tusimhubirie kijana peke yake. Tujihubirie na sisi tuliobaki.

Miaka michache iliyopita, binti mmoja wa parokia yetu alikwenda Ujerumani kusoma muhula wa baridi. Jumuiya ndogo ndogo ilichanga fedha za koti na viatu. Tulimwombea kwenye Misa, tukapiga vigelegele. Kila alipopiga simu, alisema: sijambo, masomo yanaendelea vizuri. Nasi tulimjibu kwamba tunajivunia. Kumbe mwezi wa Desemba, wakati huko jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, alikuwa ameacha kuhudhuria masomo. Alijifungia chumbani siku nzima. Alipata hata wazo kwamba afadhali asiwepo. Hakumwambia mtu yeyote nyumbani.

Aliporudi alitueleza sababu. "Baba," alisema, "mlikuwa mmechanga. Ningewaambiaje kwamba nateseka?"

Maneno hayo yalituchoma. Fahari yetu ndiyo iliyomfunga mdomo. Tulimwachia dirisha la kuelekea nyumbani, lakini dirisha lile lilipitisha habari njema tu. Alifunguliwa mlango na bibi kizee mmoja, aliyemwona ameketi peke yake nyuma ya kanisa Jumapili moja. Hawakuelewana sana kwa lugha. Bibi yule alimkaribisha supu, na Jumapili iliyofuata akamkaribisha tena. Kisha akampeleka kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, akamngojea mlangoni mpaka alipotoka. Basi, binti akarudi darasani.

Na sisi tulimpokeaje aliporudi? Wengine walimwuliza amewaletea nini. Sisi padre wake, tunaungama mbele yenu, tulimwuliza atakwenda tena lini. Wafuasi waliporudi, Bwana aliwasikiliza. Hata waliposhangilia kwamba pepo wanawatii, aliwaambia wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Hakuwapima kwa mafanikio yao.

Tena, kubadilishana kuna pande mbili. Mwaka uliofuata mwanafunzi kutoka Ulaya alikaa miezi minne katika mji wetu. Alisali pamoja nasi kila Jumapili. Siku alipoaga, tulitaka kumwombea hadharani, tukagundua kwamba hakuna aliyejua jina lake la ubatizo. Kwa miezi minne sote tulimwita Mzungu. Binti yetu alipata supu kwao. Kijana wao alipata nini kwetu? Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza kama mgeni alikuwa tajiri au maskini. Atatuuliza kama tulimkaribisha, kwa maana katika mgeni yule alikuwamo Yeye.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiwa mbali msimwulize tu juu ya mitihani. Mwulizeni amekula na nani, amesali wapi, na usiku analalaje; na akilia, msimwambie ajikaze. Enyi makatekista, kabla kijana hajasafiri, msaidieni aulizie mapema Misa Takatifu huadhimishwa wapi huko aendako. Enyi viongozi wa jumuiya, mgeni akifika, mwulizeni jina lake siku ya kwanza, na siku ya pili mpeni chakula nyumbani kwenu. Na wewe kijana unayefunga sanduku lako, lifungue dirisha lako mara tatu kwa siku kama Danieli. Wakati wa raha mshukuru Mungu, na wakati wa giza sema wazi kwamba ni giza. Hutakuwa umetuaibisha.

Ee Bwana, uliyekuwa mgeni duniani na hukuwa na mahali pa kulaza kichwa, uwalinde watoto wetu walio ugenini. Uwape mlango wa kuingia na dirisha la kukutazama. Nasi utufundishe kuwapokea wageni unaotuletea. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.